Kiguu, Bure

Jioni hiyo foleni ya jimu ilikuwa imefika mlangoni, na Kiguu alikuwa akitafuta maji.

Maji yenyewe yalikuwa nyuma yake, kwenye friji ya kioo, chupa zimepangwa mpaka juu. Aliyokuwa akiyatafuta ni maji ya kwenye skrini. Ilimbidi afungue ukurasa wa vinywaji, ashuke, apite juisi, apite maziwa ya protini ya kila ladha, ashuke tena ndipo ayakute. Na kidole kikiteleza, mashine ilimrudisha mwanzo kama mwanafunzi aliyekosea kusoma. Mbele yake walisimama watu waliotoka kazini, mabegi begani, kila mmoja akitaka kitu kidogo: kiingilio cha siku, taulo la kukodi, kufuli la kabati. Nyuma ya ukuta wa kioo vyuma viligongana na muziki ukadunda.

Hapo mwanamume mmoja mrefu, shati la kijivu, mikono imekunjwa vizuri mpaka kwenye viwiko, akaipita foleni yote akaja kusimama ubavuni mwa kaunta.

"Kaka, foleni inaanzia mlangoni," Kiguu alimwambia bila kuinua uso.

"Naiona."

"Kama unaiona, iheshimu."

Yule mwanamume hakubishana. Alirudi mlangoni, akasimama nyuma ya wote na mkoba wake, akasogea mwenzake aliposogea, mpaka zamu yake ikafika. Kiguu, jasho limemtoka chini ya kilemba chake cha manjano, akamuuliza ampe nini.

"Sitaki kitu," akajibu. "Nimekuja kutengeneza hiyo skrini."

Watu wa nyuma wakacheka. Kiguu akamuuliza kwa nini hakusema mapema, naye akamjibu taratibu kwamba aliambiwa aiheshimu foleni. Alisema hivyo bila kejeli, na hilo ndilo lililomkera Kiguu zaidi, kwa sababu alitafuta pa kumkasirikia asipate.

Kiguu halikuwa jina lake la kuzaliwa. Mama yake ndiye aliyempachika, kwa kulikata lile neno la kiguu na njia, kwa kuwa binti huyu tangu amalize shule hakuwa ametulia popote. Alianza kwenye duka la dawa, akaondoka. Akaenda udobi wa hoteli, akaondoka. Akauza tiketi za sinema, akasema giza linamchosha. Hata uchumba ulishafika hatua ya kupanga siku, akairudisha pete kwa adabu zote, na alipoulizwa sababu hakuwa nayo. Hakufukuzwa mahali. Aliondoka mwenyewe, tena pale pale mambo yanapoanza kumkolea, kama kuku anayetafuta pa kutagia: anakwaruza, anakaa, anainuka. Mwenye jimu, mama wa makamo aliyecheza netiboli ujanani na ambaye kila mtu alimwita Kocha, alilisikia jina hilo siku ya kwanza mama mtu alipopiga simu kaunta, na tangu hapo likawa la kila mtu.

Fundi alirudi kesho yake asubuhi, saa ambazo jimuni huwa na wazee wachache wanaotembea polepole juu ya mashine za kukimbilia. Kazi aliyoitiwa ilikuwa kuweka kwenye ukurasa wa kwanza vitufe vya njia ya mkato, ili kila kinachouzwa sana kipatikane kwa mguso mmoja. Kiguu alikuwa amejiandaa kumweleza kila kitu. Fundi akamwomba asieleze, auze tu. Akavuta kigoda akaketi pembeni, akawa anautazama mkono wake.

Si rahisi kufanya kazi mtu akikutazama mkono. Kiguu aliangusha kalamu, akaiokota, akaangusha risiti.

"Unatumia mkono wa kushoto," Fundi akasema mwishowe.

"Shuleni walijaribu kunigeuza, wakashindwa."

"Aliyeipanga skrini hii alikuwa wa kulia. Ndiyo maana kila unachokitaka kiko mbali nawe."

Kiguu aliutazama mkono wake. Miezi yote hiyo alikuwa akijiona mzito, mtu wa vidole vya mbao, na kila jioni alikwenda nyumbani amejichoka. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kosa halikuwa lake.

Fundi aliyashusha maji chini kushoto, mahali kidole gumba kinapofika chenyewe, akayapa rangi ya buluu. Kiingilio cha siku akakipa kijani. Akatengeneza na kitufe kimoja kikubwa kilichotoa kiingilio, taulo na kufuli kwa pamoja, kwa ajili ya wale wanaokuja mikono mitupu. Jioni ile foleni haikufika hata kwenye mizani ya kupimia uzito. Kocha alitoka ofisini akidhani watu hawajaja.

Shida ni kwamba foleni ilipokwisha, Kiguu alibaki na muda, na muda kwake ulikuwa kama upele. Akaanza kuona kasoro kwenye vitufe. Alimpigia Fundi kumwambia taulo liko karibu mno na kufuli. Fundi akaja, akalihamisha. Wiki haijaisha akampigia kwamba ile buluu imekolea, inamuumiza macho. Fundi akaja tena na mkoba wake, akaipunguza. Mara ya tatu Kocha alipita nyuma yao akasema huyo fundi angefanya vyema amhamishe na Kiguu mwenyewe, labda angetulia. Fundi aliinama juu ya skrini, lakini Kiguu aliyaona masikio yake yakipanda kwa tabasamu.

Baadaye Fundi akawa anapiga simu yeye, adhuhuri, wakati wa chakula.

"Skrini inaendeleaje?"

"Skrini haijambo."

"Na mwenye skrini?"

"Huyo hajaulizwa na mtu leo."

"Ndiyo namuuliza."

Siku za mapumziko walitembea. Kiguu hakuweza kuketi mkahawani. Kabla chai haijapoa alikuwa ameshahama kiti na kutazama mlango. Basi Fundi, mtu aliyependa kukaa kuliko kitu chochote, akajifunza kunywa chai njiani, kikombe cha karatasi mkononi, akimfuata mwanamke mwenye gauni la maua na raba nyeupe aliyekata mitaa kana kwamba anawahi. Alimsimulia kwamba alilelewa na shangazi yake, fundi cherehani aliyeshona sare za shule, na kwamba utotoni alilala kwa mlio wa cherehani. Alimwambia pia kuwa akikubali kukaa kidogo atagundua yeye ni mtu wa kawaida sana. Kiguu akamjibu kwamba ndiyo maana hakai.

Walicheka. Lakini usemi ule ulikuwa na ukweli ndani yake, na Kiguu aliujua. Alikuwa amefika mahali ambapo simu ya adhuhuri ikichelewa chakula hakipiti. Na kila alipofika hapo, siku zote, miguu ilimuwasha. Akaanza kusoma matangazo ya kazi kwenye simu, chini ya kaunta. Upande wa pili wa mji palikuwa na bwawa la kuogelea lililotafuta msimamizi wa mapokezi. Akaomba. Kwa Fundi hakulitaja jambo hilo. Alijiambia kuomba si kuondoka.

Jimuni palikuwa na mwanachama mmoja waliyemwita Bondia. Hakuwahi kupigana na mtu, ila glavu zilining'inia shingoni mwake hata anapokunywa maji, na kila mwanamke aliyepita alikuwa na mzaha wake. Alasiri moja Kiguu alimwona amesimama mlangoni na Fundi, vichwa vimekaribiana juu ya simu, wote wawili wakicheka. Alipouliza, Fundi alisema ni mambo ya simu tu. Kiguu hakuuliza tena, lakini kicheko kile kilimkaa kooni kama mwiba mdogo wa samaki.

Jumamosi moja Kocha alitaka vitufe vipya kwa ajili ya mafunzo ya kuruka kamba. Fundi akavituma asubuhi kutoka ofisini kwake, kama alivyozoea. Watu walikuwa wengi. Kiguu alikuwa nyuma akitoa mataulo kwenye mashine ya kukaushia, kwa hiyo Kocha mwenyewe ndiye aliyekaa kwenye skrini, miwani puani, akisoma kila kitu kwa sauti.

"Maji madogo. Maji makubwa. Kamba. Kiguu." Akasita. "Kiguu?"

Kidole chake kizito kilikuwa kimeshagusa. Mashine ikalia, risiti ikatoka. Bondia, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akaichana kabla Kocha hajaishika, akaisoma kwa sauti ya juu ili chumba kizima kisikie.

"Kiguu, bure. Jamani, kumbe huyu hutolewa bure? Na mimi nilikuwa nahangaika."

Watu walicheka. Wengine walicheka kwa sababu wenzao wanacheka. Kiguu akatokea wakati huo huo, mataulo yamemfika kidevuni, bado ya moto, na Bondia akamwonyesha ile karatasi.

Neno bure lina midomo miwili: husema kitu hakilipiwi, na husema kitu hakina maana. Kiguu aliusikia huo wa pili. Mwanamke aliyeacha kazi nyingi, aliyerudisha pete, anayeitwa kiguu na mama yake mzazi, huhitaji nini zaidi ili aamini kuwa ameandikwa alivyo? Aliyaweka mataulo juu ya kaunta, akayanyoosha kingo. Akavua kitambulisho chake. Kocha alimwita mara mbili, lakini mlango ulikuwa umeshajifunga nyuma yake.

Mkono ulioweza kuandika kwenye skrini ile ulikuwa mmoja tu. Alipofika barabarani alimpigia.

"Ni wewe uliyeniandika kwenye ile mashine?"

Sauti ya Fundi ikaja imekauka.

"Ni mimi. Lakini ngoja nikueleze..."

Akakata. Mtu akishasema ni mimi, kilichobaki ni mapambo. Akakumbuka vichwa viwili mlangoni, kile kicheko juu ya simu, na akaona sasa anajua walichokuwa wakikicheka.

Siku zilizofuata hazikuwa na umbo. Kiguu alipiga deki nyumba iliyopigwa deki. Alihamisha kitanda cha mama mahali pa kabati na kabati mahali pa kitanda, na mama akagonga goti gizani akalalamika wiki nzima. Simu ya Fundi iliita, hakupokea. Ujumbe wake ulikuja, akaufuta kabla hajausoma, halafu akashinda akijiuliza uliandikwa nini. Watu wa bwawa wakamwita, wakamhoji, wakamkubali aanze mwezi unaofuata, na malipo yalizidi ya jimu. Alirudi nyumbani na habari hiyo njema akaketi ukingoni mwa kitanda na viatu vyake miguuni, akashangaa mbona furaha haiji.

Asubuhi moja akiwa anaoga aliisikia simu yake ikiita sebuleni, halafu ikaacha. Alipotoka na kanga yake, maji yakimchuruzika, alimkuta mama ameishika sikioni, amenyooka kama hakimu.

"Marahaba," mama alikuwa akisema. "Wewe ndiye uliyemwandika mwanangu bure?"

Kiguu alinyoosha mkono aichukue. Mama akampa mgongo. Alisikiliza muda mrefu, akisema "enhe" na "endelea", mara moja akatoa sauti iliyofanana sana na kicheko akaigeuza kikohozi. Alipomaliza aliiweka simu mezani kwa uangalifu.

"Mwenzio hana maneno mengi," akasema. "Amekiri kosa lake, hakumsingizia mtu. Anasema Kocha amemwambia kwamba kwa kuwa yeye ndiye aliyemfukuzia mfanyakazi, basi kila jioni akitoka kazini kwake aje asimame kaunta mpaka apatikane mwingine. Na anasimama."

"Yeye? Anauza maji?"

"Anajaribu. Anasema hajawahi kutukanwa kiasi hicho."

Kiguu alisema haimhusu. Jioni akavaa lile gauni la maua, akamwambia mama anakwenda jimuni kufuata sweta lake. Mama hakumkumbusha kwamba sweta lilikuwa kwenye kamba ya nguo.

Alisimama nje ya mlango wa kioo. Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Fundi alikuwa nyuma ya kaunta, shati lake la kupigwa pasi limelowa mgongoni, na kila alipotaka kugusa kitufe mkono wake wa kulia ulilazimika kukatiza kifua chake kwenda kushoto, kama mtu anayejifunga mkanda. Vitufe vyote vilikuwa pale pale Kiguu alipovizoea. Hakuwa amehamisha hata kimoja.

Kiguu aliusukuma mlango. Bondia alikuwa mbele ya foleni.

"Fundi, leo hamna cha bure?" Bondia aliuliza, akigeuka nyuma kutafuta wa kucheka naye.

Fundi aliiweka chini chupa aliyokuwa ameishika.

"Kile kitufe nilikiweka mimi, kwa uzembe wangu," alisema, kwa ile sauti yake isiyo na haraka. "Mwenye jina hakukosa kitu. Ukitaka kucheka, nicheke mimi. Niko hapa mpaka jimu lifungwe."

Bondia alitazama huku na huku. Mama mmoja mwenye begi la rangi ya waridi alikuwa akimkazia macho. Akachukua maji yake, akazishika glavu zisigongane, akapita.

Hapo Fundi akamwona Kiguu. Kiguu alizunguka kaunta, akamwambia asogee. Yeye akagusa skrini, Fundi akatoa chupa, mataulo na makufuli, na foleni ikayeyuka kama ilivyokuwa ikiyeyuka zamani. Mara moja mikono yao ilikutana juu ya kufuli, wote wakaliachia, likaanguka.

Kocha alipokuja kuishika kaunta akawaambia watoke nje wakapate hewa, maana wanampandishia joto.

Walitembea. Taa za maduka zilikuwa ndiyo kwanza zinawashwa. Kiguu alitangulia nusu hatua, kama kawaida yake, na akauliza bila kugeuka kwa nini jina lake.

Fundi akamweleza. Kitufe kipya hujaribiwa kwa bidhaa isiyokuwepo, na kila fundi huandika neno lolote. Yeye aliandika lililokuwa mdomoni mwake siku hiyo, na siku zote. Bei hakuweka, na mashine isipoona bei huandika bure yenyewe. Alikificha asije akakiona mtu, akasahau kukifuta, na Jumamosi ile kikatumwa pamoja na vingine. Kuhusu Bondia, picha za marehemu mama yake zilikuwa zimepotea kwenye simu. Fundi alizirudisha, na ya kwanza kutokea ilikuwa ya Bondia mwenyewe akiwa mtoto, amevaa gauni la dada yake.

Kiguu alitaka kucheka, akajizuia.

"Ungesema siku ile ile."

"Ulikata simu."

"Nilikata kwa sababu ulikubali."

"Nilikubali kwa sababu ni kweli."

Walipita duka la viatu, duka la miwani. Kiguu akahisi ule wasiwasi wake wa zamani ukipanda kutoka kwenye nyayo, ule unaomwambia apinde kona inayofuata asionekane tena. Akapiga moyo konde.

"Nimepata kazi kwenye bwawa la kuogelea, ng'ambo ya mji," alisema. "Niliomba kabla ya mambo haya. Tulipokuwa bado tunacheka."

Fundi akasimama. Watu wakawapita kushoto na kulia.

"Kwa hiyo ulikuwa unaondoka hata kama nisingekosea."

"Ndiyo."

"Na mimi nimekuwa nikilala nikijilaumu."

"Lako ni lako, na langu ni langu. Kila kitu kikinikolea, miguu huniwasha. Usiniulize kwa nini, sijui." Alikuwa akiushika na kuuachia mkanda wa mkoba wake. "Hiyo kazi naitaka, ni nzuri, nitaifanya. Lakini sijawahi kumwambia mtu kabla sijaondoka. Wewe ndiye wa kwanza."

Uso wa Fundi ulikuwa na maumivu, na hakuyaficha. Kiguu alisimama. Ilimgharimu kusimama pale bila kutikisa mguu kuliko kazi zote alizowahi kufanya.

"Shangazi yangu ananiuliza nyumbani kwenu ni wapi," Fundi akasema mwishowe. "Nimekuwa nikimzungusha."

"Anataka nini?"

"Unajua anachotaka."

Kiguu alitazama dirisha la duka la miwani, nyuso zao mbili katikati ya fremu.

"Kuna jambo shangazi lazima alijue," akasema. "Mimi sijui kukaa."

"Hilo nimelizoea."

"Nisikilize. Sijui kukaa. Lakini nitakuwa nikikwambia ninakokwenda."

Fundi akamshika mkono, ule wa kushoto, akaufumbata kwa mikono yake yote miwili.

"Hiyo inanitosha," alisema.

Basi Kiguu akamwambia shangazi aje Jumapili, asije asubuhi sana kwa sababu mama huenda sokoni, na akisema anakuja aje kweli, maana yeye akiachwa angoje atavunja ukuta. Waliagana pale njia zilipoachana, wakarudiana, wakaagana tena.

Alipobaki peke yake alimpigia mama. Alizungumza akitembea, haraka haraka, bila kituo: kwamba sweta hakulipata, kwamba kitufe kilikuwa cha majaribio, kwamba kuna shangazi anakuja Jumapili, fundi cherehani, mtu mzima, patafutwe vikombe vizuri, na asiambiwe habari za pete ya zamani, au aambiwe, bora aambiwe, na kwamba yeye anaogopa lakini hajakimbia, mama, sikukimbia. Mama alisikiliza yote. Alikuwa amesimama kizingitini na simu sikioni, na alimwona mwanawe akija, akifika, akipita na gauni lake la maua, akiendelea na barabara huku akipunga mkono hewani.

"Nimesikia, mwanangu," mama akamwambia. "Sasa geuka nyuma. Umeipita nyumba."